Akaunti nisizozijua kwenye kompyuta ya nyumbani: zipi ni za Windows, ipi ni ya mtu?

mhasibu_tanga ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa haraka, ila uwe wa uhakika.

Nipo Tanga. Naweka hesabu za maduka mawili ya vifaa vya ujenzi nikiwa nyumbani, kwa hiyo kompyuta yangu ina madeni ya wateja, mishahara ya vijana wa dukani, na nywila za kuwasilishia ritani za kodi. Ni mashine ya mezani, mtumba, Core i5 ya kizazi cha 6, Windows 10 Pro. Tunaitumia mimi na mwanangu wa Kidato cha Tatu akirudi likizo kutoka bweni. Yeye ana akaunti yake.

Jana usiku nilitaka kunakili faili la QuickBooks, programu yangu ya hesabu, kwenda diski ya nje. Nikaingia C:\Users, nikakuta folda nisizozielewa. Kuna Default, kuna Public, kuna moja inaitwa hesab, imekatwa mwishoni kama mtu aliyeandika kwa haraka, na nyingine inaitwa pcsupport. Mdogo wangu akanielekeza kwa simu nifungue dirisha la amri niandike `net user`. Haya ndiyo majina yaliyotoka:

Administrator
DefaultAccount
defaultuser0
Guest
hesab
kijana
pcsupport
QBDataServiceUser28
WDAGUtilityAccount

Tisa! Na nyumba hii ina watu wawili. Skrini ya kuingilia nikiwasha inanionyesha majina mawili tu, langu na la mwanangu. Hayo mengine yanaishi wapi?

Nimechomoa modemu na sijaigusa tena, hapa naandika kwa simu. Wenye maduka hawajui bado, na kabla sijawapigia nataka nijue ninawaambia nini. Tafadhali, kwa kila jina niambieni ni la nani.

kijana_wa_mbagala:

Dada pole sana. Hapo umeshadukuliwa. Hilo la WDAG na hilo la defaultuser0 ni majina ya watu wa nje kabisa, na Administrator maana yake mtu ameshajipa cheo juu yako. Usipoteze muda. Fomati leo hii hii, weka Windows upya, weka na antivirasi. Kila saa unayochelewa wanachota.

mwalimu_wa_maabara:

Dada mhasibu, umefanya jambo jema kuchomoa modemu na kuacha mashine kama ilivyo. Iache hivyo. Kijana wa Mbagala najua anakutakia mema, lakini ukifomati leo hutajua kamwe kilichotokea, na wenye maduka wakikuuliza utakuwa huna hata mstari mmoja wa kuwaonyesha.

Mimi nasimamia maabara ya kompyuta ya chuo huku Iringa. Majina haya nayaona kila muhula, na kila muhula kuna mwanafunzi anayekuja mbio na uso kama wako wa jana. Ngoja nikuchambulie.

Administrator na Guest zipo kwenye kila Windows tangu zamani. Zinakuja zimezimwa. DefaultAccount imekuja na Windows 10, nayo imezimwa. WDAGUtilityAccount ndiyo inayotisha watu kuliko zote kwa sababu ya jina lake, lakini ni ya Microsoft wenyewe: iliwekwa kwa ajili ya ule mfumo wa Defender wa kufungulia kurasa za hatari ndani ya chumba kilichotengwa. Nayo imezimwa usipoutumia mfumo huo. Hizi nne usihangaike kuzifuta. Zinachotakiwa ni kubaki zimezimwa, basi.

defaultuser0 ni mabaki. Windows ikiwa inasimikwa hutengeneza mtumiaji wa muda wa kuendesha zile skrini za mwanzo za lugha na saa, halafu inatakiwa imfute. Mara nyingine haimfuti. Watu walianza kuilalamikia sana mwaka 2016. Haina madhara, unaweza kuiondoa.

QBDataServiceUser28 imeletwa na QuickBooks yako. Programu ile huendesha hifadhidata yake kwa akaunti yake yenyewe, na 28 ni toleo la 2018. Ukiifuta, QuickBooks itagoma kufungua mafaili, kwa hiyo iache.

hesab ni wewe mwenyewe. Bila shaka barua pepe uliyoingilia Windows mara ya kwanza inaanza na neno hesabu. Mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, Windows huchukua herufi tano za mwanzo za anwani yake na kuzifanya jina la folda. Ndiyo maana limekatwa.

kijana ni mwanao.

Imebaki pcsupport. Hiyo si ya Windows, si ya QuickBooks, na sijui programu yoyote ya kawaida inayojitengenezea jina hilo. Hiyo imetengenezwa na mtu. Hata hivyo jina halitoshi kumhukumu mtu, maana mwizi mwenye akili angejiita DefaultUser1 na usingemtambua. Tuangalie akaunti yenyewe inafanya nini.

Bila kurudisha modemu, washa mashine, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia, chagua PowerShell yenye haki za msimamizi, uandike hizi tatu, moja moja:

`Get-LocalUser | Format-List Name, Enabled, LastLogon, PasswordLastSet, SID`

`net localgroup Administrators`

`reg query "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon\SpecialAccounts\UserList"`

Ya kwanza ni bora kuliko `net user`, kwa sababu `net user` haionyeshi akaunti ambayo jina lake linaishia na alama ya dola, na wapo wanaojificha kwa njia hiyo. SID utakayoiona humo ni namba ya utambulisho ambayo Windows huipa kila akaunti. Ya pili inasema nani ana mamlaka juu ya mashine. Ya tatu ndiyo itakayojibu swali lako la wanakoishi: mtu akitaka akaunti isionekane kwenye skrini ya kuingilia, huandika jina lake pale na kuliwekea sifuri. Kwenye kompyuta nyingi za nyumbani sehemu hiyo haipo kabisa, utaambiwa haikupatikana.

Piga picha skrini kwa simu yako. Kisha nieleze kwa mpangilio: QuickBooks iliwekwa lini, akaunti ya mwanao mlitengeneza lini, na ni nani mwingine amewahi kuishika mashine hii.

mhasibu_tanga:

Mwalimu Mungu akubariki. Kweli, barua pepe yangu ya kazi inaanza na hesabu. Nusu ya hofu imeshuka, nusu iliyobaki imeongezeka.

Enabled ni True kwa hesab, kijana, QBDataServiceUser28, defaultuser0 na pcsupport. Zile nne ulizosema zote ni False, na hakuna jina jipya lenye dola.

Kwenye Administrators wapo: Administrator, hesab, pcsupport.

Ile amri ya tatu haikusema haikupatikana. Imetoa mstari mmoja: pcsupport REG_DWORD 0x0.

pcsupport nywila yake iliwekwa mwezi wa tano mchana. Mara ya mwisho kuingia ni Jumamosi iliyopita, 21:40. Mwalimu, Jumamosi saa tatu na dakika arobaini usiku nilikuwa harusini Pongwe na nyumba nimeifunga. Mashine niliiacha imewaka inapakua masasisho ya Windows. Mwanangu yuko bweni.

SID ni ndefu na zote zinafanana mwanzo, mwisho ndiyo tofauti: defaultuser0 ni 1000, hesab 1001, QBDataServiceUser28 ni 1003, pcsupport 1004, kijana 1005. Zile za Windows ni 500, 501, 503 na 504.

Mpangilio: kompyuta nilinunua mwezi wa pili. QuickBooks iliwekwa mwezi wa tatu na kijana wa mwenye duka. Akaunti ya mwanangu nimetengeneza mimi mwezi wa sita shule zilipofunga. Katikati hapo, mwezi wa tano, printa iligoma, nikampigia fundi aliyeniuzia. Alikuwa nje ya mji, akaniambia niweke AnyDesk ili aingie kutoka huko huko aliko. Akaingia, akairekebisha, nikamlipa. Hakuna mwingine.

mwalimu_wa_maabara:

Umeyapanga vizuri kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Sasa soma zile namba za mwisho.

500, 501, 503 na 504 ni namba za kudumu za akaunti za Windows, ni zilezile kwenye kompyuta yako na kwenye yangu. Hata mtu akilibadilisha jina Administrator likawa jingine, 500 itamfichua. Kuanzia 1000 ndiyo namba za watumiaji wanaoongezwa, na hupanda kwa utaratibu wa nani katangulia. Namba ikishatolewa hairudiwi. 1002 uliyoikosa ni akaunti iliyofutwa au ni kundi lililotengenezwa na programu fulani, maana makundi nayo huchota namba kutoka foleni hiyohiyo. Kwa hiyo pcsupport, 1004, imezaliwa baada ya QuickBooks ya mwezi wa tatu na kabla ya mwanao wa mwezi wa sita. Nywila yake iliwekwa mwezi wa tano. Ushahidi wa namna mbili umekutana mahali pamoja, na siku hiyo unayemfahamu ndani ya mashine yako alikuwa mmoja.

Mwezi wa tano pekee ungeweza kuwa na maelezo. Jumamosi ndiyo inayonisumbua.

Fungua Event Viewer, yaani daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, kisha Security. Chuja kwa namba 4624, ambayo ni kuingia kulikofanikiwa, utafute ya Jumamosi 21:40 yenye jina pcsupport. Ndani yake kuna Logon Type. Ukikuta 10, mtu ameingia kwa Remote Desktop. Kwa mtu anayetumia modemu ya laini ya simu sitarajii hilo, kwa sababu kampuni za simu huwa zinawafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mtu wa nje hawezi kubisha hodi moja kwa moja kwenye mashine yako. Ukikuta 2, usidhani mtu alivunja mlango akakaa kwenye kiti chako. Anayeendesha kompyuta kwa AnyDesk akifungua programu kwa jina la akaunti nyingine huandikwa 2 vilevile, kwa sababu Windows inaona kama ni mtu aliye mbele ya kioo.

Chuja tena kwa 4720, hiyo ni kutengenezwa kwa akaunti. Usishangae ukikosa ya mwezi wa tano. Daftari hilo kwa kawaida lina nafasi ya megabaiti 20 tu, likijaa linafuta ya zamani. Ndiyo maana nilitaka zile namba za SID, zenyewe hazifutiki.

Kisha nenda C:\ProgramData\AnyDesk, folda hiyo imefichwa, uiandike mwenyewe juu kwenye upau wa anwani. Humo tafuta faili connection_trace.txt ulifungue kwa Notepad. Kila aliyeingia ana mstari wake: tarehe, namba yake ya AnyDesk, na namna alivyoruhusiwa. Neno User maana yake kuna mtu upande wako alibofya kukubali. Neno Passwd maana yake aliingia kwa nywila iliyowekwa tayari, hakuna aliyeulizwa chochote.

Kabla ya kubadilisha kitu, hifadhi daftari la Security lote kama faili la evtx kwenye diski yako ya nje, na nakala ya connection_trace.txt pembeni yake. Baada ya hapo ndipo uandike:

`net user pcsupport /active:no`

Uizime, usiifute bado. Ukiifuta sasa utapoteza viungo vya kuonyesha faili gani lilikuwa la nani.

fundi_wa_ngarenaro:

Nimefuatilia toka mwanzo na nataka kusema upande wa mafundi, maana tutaonekana wote wezi.

Mteja anasahau nywila. Anakuja Jumatatu asubuhi analia, kazi yote imo ndani. Fundi akiwa na akaunti yake ya pembeni anafungua kwa dakika mbili. Asipokuwa nayo, inabidi aanze kuzunguka kwa flashi ya kuwashia, na kama diski imefungwa kwa BitLocker basi kwaheri. Wenzangu wengi hapa Arusha wanaiacha kwa nia safi na wanaificha ili mtoto wa nyumbani asiichezee. Nakubali kuingia bila kuitwa si sahihi. Lakini kuweka akaunti ya akiba si uhalifu.

mwalimu_wa_maabara:

Ndugu fundi, nashukuru umesema wazi, na naamini una nia safi. Bado sikubaliani nawe. Fundi wa vitasa akikubadilishia kitasa hachongi ufunguo wake wa akiba akaondoka nao bila kukwambia, hata kama kweli siku moja utapoteza wako. Kama akaunti ya akiba inahitajika, mteja aambiwe, nywila yake aandikiwe kwenye karatasi aiweke kabatini mwake, na fundi asibaki nayo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi hamlitazami. Anayeacha akaunti kwa wateja wote kwa kawaida anatumia jina moja na nywila moja, maana hawezi kukumbuka za watu wote. Kijana wake wa kazi anaijua. Kijana huyo akiacha kazi ameondoka na funguo za ofisi na nyumba za watu wasiomjua hata kwa sura. Mhasibu huyu ana mishahara ya watu mle ndani.

Na sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki, na cha 5 kinakataza kubaki humo baada ya muda ulioruhusiwa kuisha. Ruhusa ya kutengeneza printa mwezi wa tano iliisha printa ilipopona.

nduthi_na_laptop:

Niongeze kidogo kutoka Nairobi, kwa wanaosoma hii na wana mashine za mtumba. Mimi nilinunua laptopu iliyotoka Uingereza, nikaiweka Windows upya, na bado ilipoingia tu mtandaoni ikanikaribisha kwa jina la kampuni nisiyoijua na kunitaka barua pepe yao ya kazi. Haikuwa virusi. Kampuni iliyoimiliki mwanzo ilikuwa haijaitoa kwenye orodha yake, na Windows inaitambua mashine kwa vifaa vyake, si kwa diski. Kufomati hakusaidii hapo. Aliyeniuzia ilibidi awasiliane na walikoitoa mpaka wakaiachilia. Kabla hujalipa, iwashe ikiwa na intaneti uone inakupokea kwa jina la nani.

mhasibu_tanga:

Nimemaliza yote mliyoniambia. Naandika kwa utaratibu ili na mwingine aje kusoma.

4624 ya Jumamosi ipo, Logon Type 2. 4720 ya mwezi wa tano haipo, daftari linaanzia wiki chache tu nyuma. connection_trace.txt ina mistari michache. Wa mwezi wa tano umeandikwa User, na mimi nakumbuka nilibofya kukubali. Wa tarehe ile ya Jumamosi umeandikwa Passwd. Namba ya aliyeingia ni ileile, mara zote mbili.

Nimeizima pcsupport. Nimeondoa AnyDesk baada ya kunakili folda yake. Halafu nikampigia fundi, kaka yangu akiwa pembeni anasikiliza. Hakukataa. Alisema akaunti ile anawawekea wateja wake wote, na Jumamosi aliingia kusafisha mabaki ya virusi. Nikamuuliza nani alimwambia nina virusi. Akasema ni utaratibu wake. Nikamuuliza kwa nini saa tatu usiku, akasema ndiyo muda bando la usiku ni rahisi. Nimemwambia tangu leo hana ruhusa yangu ya kuingia kwa njia yoyote, na nimemwandikia hivyohivyo kwa ujumbe wa simu ili ibaki maandishi.

Mwalimu, wenye maduka wataniuliza swali moja tu: aliona nini? Niwajibu vipi?

mwalimu_wa_maabara:

Waambie ukweli ulivyo: kwamba mtu mwenye mamlaka kamili aliingia usiku ule, na hakuna daftari linaloonyesha alisoma faili gani. Windows haiandiki usomaji wa mafaili mpaka mtu awashe ukaguzi huo kabla, na karibu hakuna anayeuwasha nyumbani. Kwa hiyo hesabu kwamba kila kilichokuwamo kingeweza kuonekana, uchukue hatua kwa kiwango hicho. Wapelekee picha zako na faili la evtx. Mtu anayekuja na ushahidi mkononi siku hiyohiyo aliyoujua haaminiki kidogo, anaaminika zaidi.

Nywila badilisha zote, na zibadilishe kwa simu yako au kompyuta nyingine, si kwenye mashine hiyo. Anza na barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungulia nyingine zote, na uiwekee uthibitisho wa hatua mbili. Kisha za kodi, kisha benki, kisha QuickBooks. Kivinjari chako kama kilikuwa kinakukumbukia nywila, basi kila kilichokumbukwa kibadilishwe. Ukitaka kwenda polisi, nenda na vile vitu viwili kwenye diski, usiwapelekee maelezo ya mdomo tu.

Baada ya hapo ndiyo tunafika kwenye ushauri wa kijana wa Mbagala: sasa weka Windows upya. Mtu aliyekuwa na haki za msimamizi miezi yote hiyo angeweza kuacha vitu ambavyo mimi na wewe hatutavikuta kwa kuchungulia. Usitumie flashi ya fundi. Tafuta kompyuta unayoiamini, pakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, uweke kwenye flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi. Wakati wa kusimika futa migao yote ya diski ya ndani, isimikwe kwenye nafasi tupu. Kwanza hakikisha faili la QuickBooks, lile linaloishia na qbw, liko kwenye diski ya nje na linafunguka kwenye mashine nyingine.

Processa yako ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha 8 kwa Intel. Na Windows 10 imeacha kupata masasisho ya usalama ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza wa kujiandikisha unaofika Oktoba 2026, jiandikishe ukimaliza kusimika. Lakini anza kuzungumza na wenye maduka juu ya mashine mpya, kwa sababu hesabu zao haziwezi kukaa kwenye hiyo kwa muda mrefu.

Ukishasimika, tengeneza akaunti moja ya msimamizi yenye nywila ndefu ambayo hutaiingia kila siku. Yako ya kazi na ya mwanao ziwe za kawaida, zisizo na mamlaka. Siku ikitokea kidirisha kinadai nywila ya msimamizi na wewe hujasimika kitu, bofya Hapana.

mhasibu_tanga:

Nimesimika, QuickBooks imefunguka, salio zinalingana na vitabu. Wenye maduka niliwaita wote wawili wakakaa sebuleni kwangu nikawaonyesha. Mmoja alikasirika, na ana haki. Wote wamebaki na mimi, na mmoja alikuwa anamtumia fundi huyohuyo. Tumekuta pcsupport kwake pia, na kwake nayo imefichwa.

Kitu cha mwisho mwalimu. Kwenye diski ya nje kuna folda za zamani zinazokataa kufunguka. Nikiangalia kwenye Properties, sehemu ya Security, naona mtu anaitwa Account Unknown, na mbele yake S-1-5-21 ikifuatiwa na tarakimu nyingi. Huyu tena ni nani?

mwalimu_wa_maabara:

Angalia mwisho wa hiyo namba. Kama ni 1001 ni wewe, hesab wa Windows ya zamani. Windows mpya imekupa namba mpya hata kama barua pepe ni ileile, kwa hiyo mashine haijui tena kwamba namba ile ilikuwa yako. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, fungua Advanced hapohapo kwenye Security, bofya Change kwenye mstari wa Owner, weka jina lako jipya, uweke alama ya kujumuisha folda zote za ndani. Zitafunguka.

Ukikuta folda yoyote yenye namba inayoishia 1004, usiifungue kwanza. Niandikie hapa jina lake na tarehe yake.

mhasibu_tanga:

Zote ni 1001. Zimefunguka.